Wadada, ile programu ya ualimu wa lugha mbili San Antonio nimeimaliza, haya ndo maoni yangu

Nimeulizwa sana na wadada wa Kiswahili walioko huku Texas, hasa wale wanaofanya kazi ya usaidizi darasani kama niliyokua nafanya mimi, eti ile programu uliyopitia ikoje, inafaa, inakula hela, mtu mwenye watoto ataiweza? Nimejibu kwenye simu mpaka sauti imekauka kwaiyo leo naandika yote hapa. Jina la programu silitaji maana kuna mambo ntayasema hayapendezi, na mtu wa San Antonio akitaka kujua ni ipi anitafute pembeni ntamwambia.

Niweke wazi kabla ya yote, hii programu haikutengenezwa kwa ajili yangu. Ilitengenezwa kwa ajili ya wadada wa Kilatina wanaoongea Kihispania na Kiingereza ambao tayari wako ndani ya mashule, ila sio kama walimu. Wasaidizi wa darasani, wapishi wa kantini, makarani wa mapokezi, yule anayefungua geti asubuhi. Unasoma jioni Jumanne na Alhamisi, Jumamosi unashinda huko kutwa nzima, mchana uko kazini kwako kama kawaida, na baada ya miaka miwili (kama ulishakua na ile diploma ya chuo cha miaka miwili) unatoka na digrii na umeshafanya mitihani ya cheti. Kundi letu tulianza ishirini, kumi na tisa Walatina na Mtanzania mmoja. Wao walikua wanasomea cheti cha lugha mbili, mimi nyongeza ya kufundisha Kiingereza kwa watoto wa lugha nyingine, ila karibu masomo yote tulikaa pamoja, na hapa ntaongelea zaidi wao kwasababu wao ndo programu yenyewe.

Kwanini wanatafutwa? Sheria ya Texas ya tangu 1973 inasema wilaya ya shule ikiwa na watoto 20 au zaidi wa darasa la ngazi moja, wenye lugha moja ya nyumbani na Kiingereza bado hakijawakaa vizuri, basi ni lazima iwape elimu ya lugha mbili. Watoto wapo tele, walimu ndo hakuna, na kila mwaka kuna wilaya zinaandika barua serikalini kuomba zivumiliwe kwa kukosa walimu. Sasa wakati huohuo kwenye shule hizohizo kuna mama anagawa chakula kantini, anaongea lugha zote mbili, anajua mtoto gani baba yake kaondoka wiki hii na mtoto gani hajala tangu jana, na watoto wakiumia uwanjani wanamkimbilia yeye. Kitu anachokosa ni cheti tu. Mtu aliyekaa akafikiri kwamba tumchukue huyuhuyu tumsomeshe, huyo mtu mi namheshimu sana, hata kama utekelezaji una matobo kama ntakavyoeleza.

Nianze na kilichonifanya nisiache katikati, yani darasa la Jumamosi.

Jumamosi mwalimu wetu alikua mama mstaafu, kafundisha watoto wadogo kwa Kihispania miaka mingi mno, sote tulimwita maestra, yani mwalimu kwa Kihispania, na hakuna aliyethubutu kumwita kwa jina. Siku ya kwanza alitupa kila mmoja sarafu ya senti 25, ile iliyotoka 2023 yenye sura ya Jovita Idár. Mimi sikua namjua. Akatueleza huyu dada alizaliwa Laredo, hukuhuku Texas, 1885, akapata cheti cha ualimu 1903, akaenda kufundisha akakuta shule haina vitabu wala vifaa vya maana, akaona hapa mwenyewe siwezi kubadilisha kitu, akaacha akaingia kwenye uandishi wa magazeti. 1911 akawa rais wa kwanza wa La Liga Femenil Mexicanista, umoja wa wanawake wa Laredo waliokua wanafundisha watoto maskini bure. 1914 polisi wa Texas, wale Rangers, walipokuja kufunga gazeti alilokua anaandikia alisimama mlangoni wakashindwa kuingia siku hiyo. Na maisha yake ya mwisho aliishi hapahapa San Antonio, akaendesha chekechea ya bure, akafariki 1946. Maestra akasema hiyo sarafu msiitumie. Mimi yangu iko kwenye pochi mpaka leo.

Alafu akachora ubaoni mstari wa kushuka chini, upande mmoja akaandika nyumbani, upande wa pili mtihani. Akawaambia wadada watoe maneno. Ikaanza kama mchezo, troca (gari la pikapu), lonche (chakula cha mchana), parquear (kupaki gari), yani maneno ya Texas ambayo Kihispania na Kiingereza vimekaa pamoja karne nzima vikazaa watoto. Kila neno likiingia upande wa nyumbani yeye anaandika mwenzake upande wa pili, camioneta, almuerzo, estacionar. Hakufuta hata moja. Kuna binti wa miaka ishirini na tatu pale mbele alianza kulia, kumbe maisha yake yote ndugu zake wa Monterrey kule Mexico wakija wanamcheka kwa hayo maneno, na shuleni wazungu wanamcheka kwa matamshi ya Kiingereza, na leo mara ya kwanza mtu mzima kaandika neno la bibi yake ubaoni kwa heshima na akaliacha pale.

Hilo darasa lilikua linachimba kweli, halikua la kufarijiana tu. Watu wanadhani ukizaliwa na lugha basi unaweza kuifundisha, jamani sivyo. Unajua kuongea na mama yako, je unajua kumweleza mtoto wa miaka minane kiasi na asili kwenye sehemu ni nini kwa Kihispania, unajua kuandika barua ya shule kwa mzazi bila kuteleza, unajua lini irabu inawekewa juu yake kile kialama cha mkazo? Papa ni kiazi, papá ni baba, hablo ni naongea, habló ni aliongea, kialama kimoja kinahama mtu na wakati vyote vinabadilika. Kuna b na v ambazo masikioni ni sauti moja, kuna h ambayo haisemwi kabisa ila lazima uiandike, kuna s na c na z ambazo kwa watu wa Mexico na Amerika ya Kati zinasikika vilevile. Wengi wa hao wadada walikua hawajawahi kuandika Kihispania zaidi ya meseji za simu, kwasababu shule waliyosoma hapa Texas iliwafundisha kuandika Kiingereza tu.

Na wenyewe kwa wenyewe hawafanani. Tulikua na dada wa El Salvador anasema vos pale wenzake wanaposema tú, tulikua na wa Puerto Rico ambaye basi la abiria kwake ni guagua wakati wa Mexico anasema camión, na mrija wa kunywea soda peke yake ulitupotezea nusu saa maana kila nchi ina jina lake, popote, pajilla, sorbeto. Maestra alikua anataka wajue yote, kwasababu darasani utapata mtoto wa Honduras na mtoto wa Venezuela kwenye meza moja, na mwalimu akimwambia mtoto hilo neno lako sio sahihi basi ameshamfunga mdomo mwaka mzima.

Sasa mtihani.

Ili upate cheti cha lugha mbili Texas, pamoja na mitihani mingine, unafanya mtihani wa Kihispania unaoitwa BTLPT, namba 190. Dola 116 kila unapoufanya. Kuna kusikiliza, kusoma, kuongea na kuandika, na kwenye kuandika wanakupa mpaka kazi ya kutunga andalio la somo, sio insha tu. Alama zinaanzia 100 mpaka 300, kufaulu ni 240, ukianguka unasubiri siku 30 ndo urudie, na jumla ya mara unazoruhusiwa ni tano basi. Ile ya kuongea unavaa hedifoni mbele ya kompyuta, unapewa hali fulani, muda kidogo wa kujiandaa, alafu unaongea na skrini, na pembeni yako kuna watu wengine wanafanya mitihani yao mingine kabisa.

Kuna dada mmoja wa West Side, mtu wa hapahapa San Antonio, miaka 44, alikua karani wa mapokezi. Kihispania kalelewa nacho na bibi yake. Mama yake mzazi alikua hamsemeshi Kihispania kabisa, na sababu yake tuliijua Jumamosi moja tulipokua tunasoma historia ya shule za Texas. 1918 walipitisha sheria mwalimu afundishe kwa Kiingereza tu, ukivunja ni kosa la jinai, na ilikaa hivyo mpaka mwishoni mwa miaka ya sitini. Kuna shule inaitwa Blackwell kule Marfa, 1954 watoto waliandikishwa vikaratasi vya kuahidi kutoongea Kihispania, vikawekwa kwenye sanduku, wakachimba shimo karibu na mlingoti wa bendera wakakizika Kihispania kama maiti. Na hapa mjini kwetu, wanafunzi wa sekondari ya Lanier 1968 waligoma na moja ya madai yao ilikua waruhusiwe kuongea lugha yao shuleni. Basi yule dada akasema mama yangu alikua anachapwa kwa kibao cha mbao shuleni kwa kuongea Kihispania, akaapa watoto wake hawatachapwa, ndo maana alituongelesha Kiingereza kibovu maisha yake yote kuliko kutuongelesha Kihispania kizuri. Mimi nikakumbuka kile kibao tulichokua tunavishwa shingoni shuleni kwa kuongea Kiswahili wakati tunatakiwa kuongea Kiingereza. Nikawasimulia. Hawakuamini kwamba na kwetu kilikuwepo.

Huyo dada BTLPT ya kwanza alipata 226. Ya pili 235. Alikaa kwenye gari lake siku ile matokeo yametoka akanipigia akaniambia shoga yangu, nimeanguka lugha ya bibi yangu, naanguka vipi lugha ya bibi yangu. Sikua na jibu. Na hapa naisifu programu kwa moyo wote, hawakumwambia arudie tu kama bahati nasibu, maestra alikaa naye Jumatano jioni nyumbani kwake wiki saba, wakachambua alama zake kila kipengele, wakaona kuongea anaongea vizuri sana ila mbele ya skrini anapata kigugumizi na anaruka kwenye Kiingereza akikosa neno, na kwenye kuandika anapoteza kwa alama za mkazo na kwa maneno ya darasani. Akawa anajirekodi kwenye simu kila siku asubuhi akiwa anapika, anajisikiliza, anajirekodi tena. Mara ya tatu 251.

Upande wa pili kulikua na dada wa Monterrey, yeye alikua mwalimu kamili huko Mexico, kaja huku akaishia kuwa msaidizi wa darasani kwasababu karatasi zake ni safari ndefu kuzihamisha. BTLPT alipita mara ya kwanza tu, tena kwa alama za juu, ila akakwama kwenye mtihani wa sayansi ya kufundisha kusoma, ule wa namba 293 ambao tangu Januari 2021 kila anayetaka kufundisha shule ya msingi lazima aufaulu. Huo uko kwa Kiingereza na ni juu ya namna mtoto anavyojifunza kusoma Kiingereza. Hapa niwaeleze kitu ambacho sisi Waswahili tutakielewa haraka kuliko mtu yeyote. Kihispania kina irabu tano, a e i o u, kila moja sauti yake moja, vilevile kama kwetu. Watoto wa Mexico wanafundishwa kusoma kwa silabi, ma me mi mo mu, pa pe pi po pu, yani kama sisi tulivyoimba ba be bi bo bu, ndani ya miezi michache mtoto anasoma neno lolote hata asilojua maana yake. Kiingereza ndo balaa, herufi a peke yake kwenye cat, cake, car na call inabadilika kama kinyonga, kwaiyo kuna somo zima la kutenganisha sauti, herufi mbili zinazotoa sauti moja, herufi isiyosemwa inayobadilisha nyingine. Dada wa Monterrey alikua mwalimu bora kuliko sisi wote, nilishamwona akishika darasa la watoto 22 bila kupandisha sauti, lakini hayo mambo alikua hajawahi kuyahitaji.

Hao wawili wakawa wanasomeshana. Karani anamfundisha mwalimu wa Monterrey sauti za Kiingereza, mwalimu wa Monterrey anamsahihishia karani insha za Kihispania, maktaba ya mtaa, kila Jumapili baada ya misa. Programu haikupanga hilo ila iliwakutanisha, na kama ningekua mimi ndo naiendesha ningelifanya rasmi, kila mzaliwa wa hapa apewe mwenzake aliyesoma kule, kuanzia wiki ya kwanza.

Sasa niseme yale yasiyopendeza.

La kwanza ni hela na usiri wake. Siku ya kujisajili walituambia ada imeshughulikiwa kwa sehemu kubwa, tukafurahi, kumbe mitihani ni juu yako, alama za vidole ni juu yako, ada ya cheti ni juu yako, vitabu nusu juu yako. Mtu wa mshahara wa msaidizi wa darasani dola 116 anaihesabu mara mbili, na ukianguka mara mbili kama dada yangu yule ni hela ya umeme hiyo. Ila lililoniuma zaidi ni hili, Texas ina mpango wa kuwasamehe ada wasaidizi wa darasani wanaosomea ualimu kwenye vyuo vya umma, unaitwa Educational Aide Exemption, una masharti yake ila upo, na ofisi ya programu haikututajia hata siku moja. Aliyetuambia ni mwenzetu aliyesikia kwa msaidizi wa shule nyingine wakiwa wanasubiri watoto wapande basi. Muhula mzima ulikua umeshapita. Nilipouliza ofisini niliambiwa kila mwanafunzi ana wajibu wa kutafuta misaada yake. Watu mnaowasomesha wanafanya kazi mchana, wanasoma usiku, wana watoto, muda huo wa kutafuta wautoe wapi?

Na kulikua na mmoja wetu mwenye DACA, yani kile kibali cha muda cha walioletwa Marekani utotoni bila karatasi, kaletwa huku akiwa mtoto mdogo, na mtu wa DACA haruhusiwi kupata msaada wa masomo wa serikali kuu hata awe maskini vipi. Yeye alijilipia kwa kuuza tamale, chakula cha Kimexico cha unga wa mahindi, msimu wa Krismasi na kufanya usafi wikiendi. Ofisi ingemkalisha chini siku ya kwanza ikampangia, isingekua lazima ahangaike peke yake vile.

La pili ndo kubwa kuliko yote, mazoezi ya kufundisha. Wakati wetu Texas ilikua inataka wiki zisizopungua 14 za kutwa nzima ukiwa chini ya mwalimu mlezi. Sisi tulikuja kuelezwa muhula wa tatu, ndo tunaambiwa kwamba wengi wetu hatutaweza kuzifanya tukiwa kwenye ajira zetu zilezile, tuombe likizo isiyo na malipo. Wiki 14 bila mshahara! Na huku bima ya afya inafuata ajira, kwaiyo sio mshahara tu, mtoto mwenye pumu anabaki hana daktari. Wanne waliacha hapo. Wanne kati ya ishirini, na hakuna hata mmoja aliyeacha kwa kushindwa masomo, mmoja wao alikua ndo anaongoza darasa la hesabu. Dada wa kantini, yule ambaye watoto wote wanamjua, alinunuliwa keki ya kuagwa, akarudi kugawa chakula. Mimi hili siwezi kulisamehe kirahisi kwasababu lilijulikana tangu siku ya kwanza, kanuni haikutungwa jana, wangetuambia mapema watu wangeweka akiba au wangetafuta nafasi ya mwaka mzima yenye malipo ambayo iko kwenye sheria pia.

La tatu ni dogo ila linachosha. Ukiwa Mlatina unayejua lugha mbili, kila mtu shuleni anakuita utafsiri. Mzazi kaja, njoo. Kikao cha mtoto mwenye mahitaji maalum, njoo. Simu ya nesi, njoo. Wenzangu walikua wanatolewa kwenye mazoezi yao ya kufundisha mara tatu nne kwa wiki kwenda kutafsiri, bila malipo, bila mtu kuandika popote kwamba kafanya kazi hiyo, alafu tathmini inakuja inasema hakuonekana vya kutosha darasani. Programu ilitakiwa iandike kwenye mkataba na shule kwamba mwanafunzi sio mkalimani. Tuliwaandikia barua, kundi lililofuata nasikia wamewekewa, sawa, nashukuru.

Walimu walezi ni bahati yako. Wangu alikua dhahabu. Wa binti wa miaka ishirini na tatu alikua hajui Kihispania kabisa, sasa anamtathmini vipi mtu anayefundisha kusoma kwa Kihispania? Alikua anamwandikia kwamba watoto wanaonekana wanafurahi.

Kuhusu watoto wenu, Jumamosi kuna chumba na walezi wawili, bure, watoto wanalishwa, hilo nalipa alama zote. Jioni hakuna, utajipanga.

Masomo ya nadharia mengi ya kawaida ila moja lilinifungua macho, lile la aina za elimu ya lugha mbili. Texas inatambua aina nne. Mbili ni za kumtumia mtoto Kihispania kama daraja, avuke kwenda kwenye Kiingereza alafu daraja livunjwe, moja linavunjwa mapema jingine linachelewa. Mbili nyingine ni za kumfanya mtoto abaki na lugha zote mbili mpaka asome na kuandika zote, na mojawapo inachanganya darasa moja watoto wa nyumba za Kihispania na watoto wa nyumba za Kiingereza wafundishane. Kuna shule wanaanza chekechea asilimia 90 Kihispania na 10 Kiingereza wakipunguza kila mwaka, kuna wanaogawa nusu kwa nusu. Wenzangu karibu wote walilelewa kwenye daraja linalovunjwa mapema, ndo maana wakafika ukubwani wanaanguka Kihispania chao wenyewe. Wakilisoma hilo somo walikua wanajisoma wenyewe, na mwalimu aliyekuja kufundisha siku hiyo, nadhani hakutegemea, alikaa mpaka saa tatu usiku kwasababu hakuna aliyetaka kuondoka.

Kwaiyo naipa nyota ngapi? Nne. Darasa la Jumamosi ningelipa sita kama zipo. Ofisi naipa mbili na hiyo ya pili ni kwa ajili ya dada wa mapokezi aliyekua anatuchapishia karatasi bila kutuhesabia.

Wewe Mswahili unayetaka kwenda, nenda, ila kabla hujasaini uliza haya na uandikiwe majibu, usikubali ya mdomo. Wiki 14 ntazifanyia wapi na nani atanilipa, bima yangu itakuaje, mitihani nani analipia mara ya kwanza na nani analipia marudio, msamaha wa ada wa wasaidizi naombaje na tarehe ya mwisho ni lini. Ukiona wanababaika kwenye la kwanza, subiri mwaka mwingine uweke akiba. Na cheti cha lugha mbili hakitakuhusu kama huna Kihispania, ila hiyo nyongeza ya Kiingereza niliyochukua mimi inakupeleka kwenye madarasa ya watoto wa kila aina, wakiwemo wa kwetu kutoka Kongo ambao wapo San Antonio na hawana mtu wa kuwaambia karibu.

Wadada wenyewe mkiwakuta huko kaeni nao karibu. Mi nilienda nikijua hola na gracias, nimetoka naweza kuongea na mzazi dakika kumi bila kukwama, na hakuna aliyenifundisha kwa malipo.

Yule dada wa West Side sasa ana darasa la kwanza lake mwenyewe, shule ileile aliyokua karani. Agosti kabla watoto hawajafungua nilienda kumsaidia kubandika kadi za maneno ukutani, kila kitu na jina lake kwa Kihispania, mlango, dirisha, saa. Mama yake alikuja na ngazi kutoka nyumbani, mzee wa miaka sitini na kitu, hakuongea sana, akawa anachukua kadi moja moja anaisoma kwa sauti ya chini kabla hajaibandika, puerta, ventana, reloj. Mbili tatu zilikua hazijamaliziwa, akachukua kalamu ya wino mzito azimalizie. Alipofika kwenye lapiz, yani penseli, akasimama, akamwangalia binti yake yuko mbali anahamisha madawati, akanigeukia mimi akaniuliza polepole kile kialama kinakaa juu ya herufi ipi. Nikamwonyesha, juu ya a. Akakiweka.